Kesho, Kabla ya Filimbi

Mechi ni saa tatu. Kwangu mimi, saa tatu ni saa moja na nusu.
Atakayefika saa mbili akisema chukudu ilifunga njia Birere
atabeba chupa za maji mpaka mapumziko,
hata awe Kahindo, hata awe na kitambaa cha nahodha mkononi.

Leo usiku kuleni bugali mshibe, na sambaza kama zipo.
Asubuhi ni chai na ndizi moja, basi.
Kuna mtu aliwahi kula maharage asubuhi ya mechi.
Simtaji. Anajijua, na ile kona ya pili inamjua.

Maji ya nyumbani yachoteni jioni hii.
Nimezunguka kwa mama zenu, mlango kwa mlango,
nikapewa kiti chenye mguu mmoja mfupi,
nikaulizwa: huo mpira utampikia nani?
Nikajibu, sijui mama, lakini vyombo atakuwa ameviosha.
Msinifanye mwongo.

Kucha zikatwe. Misuko ifungwe nyuma, shanga zitolewe:
shanga ya Nsimire ilimpata refa jichoni mwezi wa nne
na mpaka leo anatupulizia filimbi kwa jicho lile lile.
Kwa hiyo na refa asemeshwe na Kahindo peke yake.
Wengine mna midomo ya kupumulia.

Vikinga ugoko ni vile tulivyokata kwenye bidoni la njano;
makali yake nimeyachoma kwa pasi, yamelala.
Masika na Nsimire, viatu ni pea moja, nusu mechi kila mtu.
Masika, mguu wako mdogo, jaza kitambaa kwenye vidole:
nimekuwekea mabaki ya kitenge nilichoshonea namba migongoni.
Kavira, glavu za kaka yako zirudi kabla ya saa sita,
pikipiki haingoji, na abiria hawali magoli.

Wa Himbi watashuka kwenye basi na viatu vinavyong'aa.
Tazameni mara moja, shangaeni, mmalize.
Wao wamezoea nyasi.
Kwetu anayeanguka huinuka na ramani gotini.
Halafu kuna lile jiwe upande wa kanisa
linaloutupa mpira kulia, kila mara kulia.
Ninyi mnalijua.
Msiwaambie.

Faida, kesho utaanzia nje. Nimeona ulivyonyamaza Alhamisi.
Benchi letu ni jiwe, najua, na asubuhi lina baridi.
Njoo na kanga ya kukalia, na kamba za viatu zikiwa zimefungwa.

Jambo moja sijawahi kuwaambia.
Chini ya uwanja huu kuna uwanja.
Nilicheza humo nikiwa na miaka kumi na minne.
Penalti ya mwisho niliipaisha juu, juu,
mpaka kwenye bati la mama muuza makala. Bado nalisikia lile bati.
Mwaka uliofuata mlima ulishuka,
ukafunika nyasi, milingoti,
na doa la chokaa nilipouweka mpira.
Nikadhani na aibu imezikwa.
Ishirini na zaidi ya miaka, kila Jumanne
nawapangia koni juu yake.

Kwa hiyo atakayekosa kesho asikimbilie nyuma ya choo.
Aje asimame kando yangu.
Sitasema kitu. Nitamshika shingo tu,
kama ninavyopima kola.

Mlima ukiwaka mwekundu dirishani, geukieni ukutani, mlale.

Na aliyeondoka na pampu airudishe.
Mpira mmoja umelegea kama papai.
Sitauliza jina. Aiache mlangoni pangu,
chini ya cherehani,
nijifanye nimeiokota.